Vumbi ya Ile Gari ya Mbinguni

Kosa yangu ilikuwa kumueleza mama vizuri sana.

Kama ningemueleza vibaya, na maneno ya shule yenye hapendi, angetikisa tu kichwa na kuendelea na mandazi yake. Lakini nilitaka aelewe. Nilitafuta mufano siku tatu, nikaandika mu cahier, nikafuta, nikaandika tena, mpaka nikapata moya yenye hata mutoto wa chekechea anaweza kushika. Na ile mufano njo walinichukulia.

Nilipata diplôme d'État, ile ya kumaliza sekondari, mwaka jana, section math-physique. Tulikuwa wabinti watatu mu classe yote, na wale wengine wawili wamekwisha olewa. Miye nilibaki ku nyumba, hapa Bunia, mwaka muzima, nakanda unga ya mandazi. Nilitaka kwenda kusoma sciences ku université, Kisangani, ngambo ya pori mukubwa. Mama mudogo, dada ya mama, anaishi kule. Alipiga telefone, akasema: «Mutoto akuje tu, kitanda iko.» Mama akajibu: «Tutaona.» Mwezi wa kumi: tutaona. Noël: tutaona. Pasaka: tutaona. Miye haiko mutu wa kungojea.

Nilijua juu ya nini anasema vile. Papa alipanda gari kwenda Mongbwalu kuchimba zahabu wakati nilikuwa mu troisième primaire, darasa ya tatu. Alisema atarudia Noël. Hajakufa. Ameoa bibi ingine kule, iko na watoto, na watu wa Iga Barrière, ku njia ya Mongbwalu, wanamuonaka akipita na pikipiki, anapiga salamu. Tangu pale mama iko na neno moya: «Mutu wa hii nyumba akipanda gari, anashukia mu maisha ya watu wengine.»

Mama anaamukaka saa kumi ya alfajiri. Anawasha mbabula mu kiwanja, anapanga makala ya miti ndani, anaweka sufuria ya mafuta, na mbele jua itoke mandazi ya kwanza iko tayari mu beseni. Miaka kumi na mbili sasa, kila siku, mama iko inje wakati mbingu iko wazi kabisa, na macho yake iko mu mafuta. Hajawahi kuinua kichwa. Asubuhi moya ya mwisho wa mwezi wa ine nikakaa naye pale na cahier yangu.

«Mama, ile masomo yangu, weye unaonaka ni ya kufanya nini?»

«Sijui. Kutengeneza radio?»

«Ni kujua kitu mbele ifike.»

«Sawa nabii?»

«Apana, mama. Nabii anaambiwa. Siye tunahesabu.»

Akacheka kidogo. «Haya. Hesabu basi, nione.»

Njo nikamupa mufano yangu. Nikamuambia: iko nyota ya mukia, wazungu wanaitaka comète. Inapitaka karibu na jua kila miaka sabini na tano ao sabini na sita. Mara ya mwisho ilipita, weye ulikuwa ungali mutoto muchanga, koko anakubeba ku mugongo. Ikipita inaachaka vumbi mu njia yake. Ni sawa camion ya Mongbwalu. Gari imekwisha kwenda, hauioni, hausikie hata moteur, lakini vumbi ingali imesimama mu njia, na weye unakuja nyuma na miguu, inakuingia mu macho. Basi dunia yetu inakatisha ile njia. Kila mwaka, mwezi wa tano, tunaingia mu vumbi ya gari yenye ilipita zamani. Ikitugonga inawaka. Pale unasema nyota imeanguka. Haiko nyota, mama. Ni vumbi.

Mama akaacha kijiko ya kugeuza mandazi hewani. Mafuta ikadondoka mu makala, ikalia.

«Vumbi ya gari yenye ilikwisha pita,» akasema.

«Ndiyo.»

«Na dereva hajue kama ingali inatupiga.»

«Hajue.»

Nikaona amenielewa kuliko vile nilitaka. Nikakimbia kumaliza: «Na ile njia tunaikatisha mara mbili. Mwezi wa tano, na tena mwezi wa kumi, upande ingine. Sasa sikia. Tarehe sita, saa hii ya mandazi, angalia upande wa Kasenyi, kule jua inatokeaka. Utaona moya, utaona ingine, mpaka kuche.»

«Na nikiona?»

«Unaniacha niende Kisangani.»

«Na nisipoona?»

«Nakanda unga. Sitasema tena Kisangani mu masikio yako.»

Aligeuza mandazi ine. Kisha akanipa mukono. Ilikuwa na unga mubichi mpaka ku kifundo. Tukashikana. Ile unga ikabaki ku vidole yangu, nikaiacha ikauke, sikuosha mpaka saa sita. Naandika ile juu nataka nikumbuke vile nilikuwa mujinga.

Mu kanisa yetu kitu haifanyike bila kupimisha. Mutu ameota ndoto, anapimisha. Anataka kuoa, kujenga, kusafiri hata mpaka Marabo kununua maharagi, anaenda kwanza kwa nabii mu chumba ya maombi, anamuambia yote, nabii anafunga macho, halafu anarudisha jibu. Mama mumoya alipimishaka mbuzi wake, kama auzwe ao abakie. (Alibakia. Alikufa.) Nilikomaa mu ile desturi, sikuionaka kama kitu ya ajabu. Lakini haikuniingia mu kichwa kama mutu anaweza kupimisha mukono yenye amekwisha kupeana na mutoto yake.

Jumapili ya mbele ya tarehe sita tulikuwa tumekaa mu kanisa ku banc ya tatu, mama katikati, miye huku, na kule jirani yetu, muuza makala. Huyu jirani ananiitaka Madame Physique tangu siku nilijaribu kumuambia juu ya nini makala mubichi inatoa moshi mingi.

Nabii akasimama. Ni mutu wa kimo kidogo na sauti mukubwa. Akafunga macho.

«Nimeonyeshwa gari!»

«Amina!»

«Gari mukubwa, sawa zile zinaendaka Mongbwalu! Inapita mu mbingu! Haina dereva!»

«Amina!»

«Imekwisha pita, lakini vumbi yake imebaki! Na ile vumbi, wapendwa, ile vumbi ni moto! Usiku wa kuamukia tarehe sita, saa kumi, Bwana ataiangusha mbele ya macho yetu!»

Ile ilikuwa mufano yangu. Siku tatu nilitafuta ile gari. Nilikuwa nimeipa mutu mumoya tu mu dunia yote, na ile mutu alikuwa amekaa pembeni yangu hivi, kiko ya mukono yake inagusa kiko yangu, anafunga na kufungua ncha ya kitambaa yake.

Nabii hakumaliza. Akashusha sauti. «Na kuko mama mumoya humu ndani. Mutoto yake muke, mwenye akili, anataka kuvuka pori. Neno inasema: asivuke. Na alama ya kama hii neno ni ya kweli, njo ile gari.»

«Amina,» mama akasema. Pole pole, lakini alisema.

Jirani akainama juu ya magoti ya mama, akaninong'oneza: «Eh, Madame Physique! Kumbe hata Mungu alisoma section yako?»

Ku nyumba sikungoja avue viatu.

«Mama, nani alimuambia?»

«Mungu.»

«Mungu anasemaka gari ya Mongbwalu? Ile ni neno yangu!»

«Nilipimisha tu.»

«Ulipimisha nini?»

«Yote. Mutu anapimishaka nusu?»

«Basi unajua kama anasema uongo. Hakuonyeshwa kitu. Ni weye ulimuonyesha.»

«Weye mutoto. Mutumishi wa Mungu hatatukanwa mu hii nyumba.» Akavua kiatu moya, akakaa nayo mu mukono. «Na pengine Mungu alitaka apitie kwako, apitie kwangu, afike kwake. Unajuaje? Unahesabuka hata ile?»

Nikaenda kulala saa nane ya muchana, na joto yote ile.

Lakini kitu moya ikanirudishia roho. Jumatatu nabii alitembea mu quartier, anaeleza watu namna ya kuja. Juu ya couvre-feu mutu hawezi kutembea usiku, basi wote wafike mbele ya giza, na mikeka, walale mu kanisa, wataamushwa. Halafu jirani akamuuliza tuangalie wapi. Akajibu bila kufikiri: upande wa Mongbwalu. Gari ya Mongbwalu, itatoka wapi tena?

Alichukua gari yangu na kuacha njia. Mama hakumuambia Kasenyi, ao alimuambia na hakushika. Miye nilinyamaza. Nilifurahi, naandika vile ilikuwa. Nikasema mu roho: waache waangalie Mongbwalu mpaka shingo ikauke. Kutakucha, hawataona kitu, neno ya kwanza, ile ya gari, itakufa, na neno ya pili, ile ya asivuke, itakufa pamoja nayo. Halafu nitamufungulia mama cahier: saa fulani, moya, saa fulani, ingine. Na mukono yake ilikuwa na unga, hatakana.

Tarehe tano tulifika ku kanisa na mukeka yetu saa kumi na mbili ya mangaribi. Watu walijaa, wamama, watoto, wazee na makoti. Courant ilikatika karibu saa tatu, taa zote zikazimika, na kwa mara ya kwanza mu maisha yangu nilishukuru. Saa tisa na nusu wakatuamusha. Hakuna ngoma, hakuna micro, juu ya usiku. Waliimba na sauti ya chini sawa watu wanaficha mutoto mugonjwa.

Tukatoka mu kiwanja. Wote wakajipanga kuangalia Mongbwalu. Ku ile upande kuko paa ya kanisa yenyewe, inakula nusu ya mbingu, na juu ya paa kulikuwa wingu nzito, mabaki ya mvua ya jioni. Miye nikaenda nyuma kabisa, karibu na ukuta ya choo, nikageukia Kasenyi. Kule kulikuwa safi. Hewa ilikuwa imeoshwa. Manyota ilikuwa karibu mpaka nikaogopa kidogo.

Ya kwanza ilikuja mbele ya saa kumi. Ndefu, haina haraka ya kuzimika, ikaacha alama sawa mutu amekwaruza mulango na musumari. Nikapiga mustari mu cahier. Halafu ingine. Halafu mbili karibu pamoja. Mwaka muzima niliisoma mu photocopy ya profeseri yetu, karatasi yenye imefifia hata mchoro hauonekane, na sasa iko inakuja, saa yake, upande yake, bila kuniuliza. Nilisahau nabii. Nilisahau hata Kisangani. Nilitaka tu kushika mutu mukono na kusema: unaona?

Mbele yangu watu walikuwa wamenipa migongo. Baridi ikaanza kuwaingia. Mutoto mumoya akauliza na sauti ya juu: «Mama, gari imepata panne, imekwama?»

Watu wakacheka, hata wazee.

«Tuombe!» nabii akasema. «Adui ameweka barrière mu njia!»

«Basi mutu atoe kitu kidogo, sawa ku barrière ya maaskari, ifunguke,» ilikuwa jirani yetu, na kicheko ikarudi, na hii mara ilikuwa kicheko ya mubaya, ya watu wamechoka. Nilikuwa na mistari kumi na moya. Nilihesabu: nusu saa ingine na watarudia ku mikeka yao.

Pale mama akageuka.

Alikuwa katikati ya watu. Aligeuka peke yake, pole pole, sawa mutu anatafuta wapi ameweka kitu. Aliniangalia kwanza miye. Hakukuwa mwanga, lakini nilimuona, na alijua namuona. Nilitikisa kichwa. Mama, apana. Halafu akainua macho, juu yangu, upande wa Kasenyi, na saa ile ile ikapita moya mukubwa kuliko zote, rangi ya mafuta ya mawese, na mukia yake ikabaki imesimama mu mbingu wakati ya kuvuta pumuzi mara mbili.

Tuliiona wawili. Watu wote wale, na tuliiona miye na mama tu. Nikafikiri: imekwisha. Ameona. Ametoka upande yao, amekuja upande yangu.

«Ni huku!» mama akalia. «Mugeuke! Ni upande wa Kasenyi! Huku!»

Wakageuka wote mara moya, sawa ng'ombe wakisikia fimbo. Na mbingu ikawapa. Ikawapa moya, ikawapa ingine, sawa ilikuwa inangojea wao tu. Wamama wakaanza kulia, «Yesu! Yesu!», bila kujali tena usiku. Mutoto wa panne akabebwa ku mabega. Nabii njo aligeuka wa mwisho. Akaangalia, akaanguka ku magoti, na hakukosa neno: «Gari imegeuza njia! Barrière imevunjika!»

«Amina!»

Miye nilikuwa sasa mbele yao wote, ku ukuta ya choo, na cahier ku kifua, na watu wote wale wanaangalia juu ya kichwa yangu.

Tulirudi wakati kulikucha. Mama hakulala. Aliwasha mbabula, akaanza, amechelewa, mafuta haijapata moto vizuri. Nikasimama mbele yake.

«Mama, zilikuja?»

«Zilikuja.»

«Saa nilisema?»

«Saa ulisema.»

«Upande nilisema?»

Akaweka andazi mu mafuta. Ikazama, haikupanda.

«Basi ninaenda,» nikasema.

«Alama imetimia mbele ya watu wote. Neno ya pili nayo ni ya kweli.»

«Weye njo uliwageuza!»

«Watoto wa watu wako mu baridi, niko najua njia, ninyamaze?»

«Ungenyamaza kwa ajili yangu. Moya tu, mama. Ungenyamaza mara moya.»

Hakunitukana. Nilitaka anitukane. Aligeuza mandazi, zote zilikuwa zimenyonya mafuta, za kutupa, na akasema bila kuinua macho: «Papa yako alisema Noël.»

Nikamuambia miye haiko papa. Nikamuambia papa hakupeana mukono na mutu. Nikasema maneno ingine yenye sitaandika hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanituma kununua makala.

Naweza kumusamehe nabii. Yule ni mutu wa kutafuta maisha. Angechukua gari ya mutu yeyote. Lakini mama alichukua kitu nilimufundisha, na ile saa alikuwa mwanafunzi wangu wa kwanza na wa pekee, mu mbingu yote alijua mahali ya kuangalia, na akaitumia kunifungia mulango. Kama hangenielewa, ningebaki na hasira kidogo tu. Alinielewa vizuri.

Mwezi wa sita kanisa ilijaa mpaka inje. Wanakuja watu hata wa Marabo kuona nabii wa manyota. Mwezi wa munane mama mudogo alipiga tena telefone: inscriptions imefunguliwa, nikuje kujiandikisha. Mama akasema: «Neno ilikataa.» Hakusema tena tutaona.

Halafu wiki mbili zilizopita, alfajiri, akaniita ku mbabula. Alikuwa amenichagulia andazi mbili za kwanza, zile za rangi ya muzuri, ameweka mu sahani yangu. Nikajua iko kitu.

«Ile ya mwezi wa kumi,» akasema. «Ni tarehe gani?»

Nikamuangalia.

«Nabii anauliza kama Mungu ataonyesha tena. Anasema alama ingine ikikuja, pengine neno nayo inaweza kugeuka. Mulango ya pori inaweza kufunguka. Unaelewa? Utaenda. Mu heshima, na kanisa yote itakuombea.»

Nilielewa mbio sana. Neno moya, tarehe moya, na mwisho wa mwezi wa kumi niko Kisangani, ku kitanda ya mama mudogo, na cahier mupya. Nilikuwa nayo mu mudomo. Miye mwenye sijui kungojea.

Lakini nikaona vile itakuwa. Nitakuwa yule binti nabii alifunguliaka pori. Nikipata distinction ku mutihani, ni yake. Kila kitu nitahesabu, atakuwa amekwisha kuonyeshwa. Na mama atakaa mu banc ya tatu, aseme amina.

«Aulize dereva wa ile gari yake,» nikasema.

Ilibaki kidogo tu mama acheke. Niliona mudomo yake. Halafu ikafunga.

«Haina dereva,» akasema.

«Basi.»

«Na miye? Miye unaniambia? Siyo ya nabii. Ya kujua tu.»

«Utaenda kuipimisha.»

Hakukataa. Alisukuma sahani karibu na miye, nikaila yote mbili, nilikuwa na njaa, halafu nikainuka nikaenda kukanda unga ya siku ingine. Inscriptions itafungwa na sitakuwa mu liste. Tarehe iko mu cahier, na cahier iko chini ya muto ya kichwa yangu, na ninalala juu yake.

Tangu ile siku mandazi ya mama inaunguaka. Haiko zote, tatu, ine hivi kila asubuhi, upande moya mweusi. Wateja wameanza kusema. Niko ndani ku mukeka, sijaamuka, nasikia kijiko inanyamaza, mafuta inalia peke yake, inalia mingi, na najua amesimama pale na shingo juu, anaangalia Kasenyi. Hajue ni siku gani, basi anaangaliaka kila siku. Ningeweza kumuambia kama ile siku ingali mbali.

Harufu ya kuungua inaingia mpaka mu chumba. Ninageukia ukuta.